Vicheko Viwili vya Filamu Moja

Nilijifunza kutazama filamu katika vibanda umiza vya Tanga, zama ambazo majumba makubwa ya senema yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, na runinga moja iliyowekwa juu ya meza ndefu, yenye deki ya mikanda pembeni yake, ilitosha kukusanya halaiki ya vijana, wachukuzi, wavuvi waliokwisha kuuza samaki wao na watoto waliotoroka chuoni, wote wakiwa wamebanana juu ya mabenchi, na wote wakiamini kwamba aliyelipa kiingilio amenunua, pamoja na haki ya kutazama, haki ya kusema. Hadhira ile haikujua kunyamaza. Ilimwonya mtu wa kwenye picha asifungue mlango, ilimlaani msaliti kabla usaliti wake haujadhihirika, iliapa kwamba steringi hafi hata akipigwa risasi kumi, na zilipofika filamu za kutisha, ambazo aghalabu zilikuwa rahisi kuliko zote, zenye damu iliyokuwa rangi dhahiri shahiri na maiti waliopumua, ilipiga yowe na kucheka kwa pumzi moja, hata isijulikane yowe limekoma wapi na kicheko kimeanzia wapi.

Kwa kukaa sana katika vibanda vile nilitambua kwamba vicheko vyenyewe havikuwa vya namna moja. Kilikuwapo kicheko kilichomwangukia mtengenezaji wa filamu, mtu aliye mbali asiyeweza kujitetea: mshono wa barakoa ukionekana, kivuli cha kipaza sauti kikipita ukutani, mchezaji akisahau neno lake na kutupa macho pembeni, watu walicheka kwa dharau, na aliyecheka zaidi alijiona ameerevuka zaidi. Na kilikuwapo kicheko kingine, cha watu wanaocheka pamoja na waliotengeneza, wakijihisi kuwa wamo katika shauri lile lile na taabu ile ile. Hicho kilikuwa adimu, na kilipotokea kibanda kizima kilichangamka kwa namna ambayo hata mwenye kibanda, aliyekuwa akihesabu sarafu mlangoni, aliingia ndani kutazama kulikoni. Filamu za kwetu zilipoanza kuingia katika mikanda, zikiwamo Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, ambazo ziliwatoa mizuka na majini katika hadithi za jioni na kuwaweka mbele ya kamera, nilidhani kicheko hiki cha pili ndicho kitakachozipokea, kwa kuwa hofu zilizomo ni zetu na nyumba zilizomo ni za jirani zetu. Ikawa kinyume. Watu wale wale waliowasamehe Wachina kuruka juu ya mapaa kwa kamba zilizoonekana hawakumsamehe Mswahili kivuli kimoja cha kipaza sauti.

Uchache wa fedha haukupata kuwa kizuizi cha hofu. George Romero na wenzake wa Pittsburgh walipotengeneza Night of the Living Dead mwaka 1968, kwa kiasi cha dola 114,000, walitumia sharubati nzito ya chokoleti mahali pa damu, kwa kuwa picha ilikuwa nyeusi na nyeupe na jicho lisingepambanua; na Roger Ebert, mhakiki wa gazeti la Chicago aliyeitazama katika onyesho la mchana lililojaa watoto, aliandika jinsi watoto wale walivyoanza kwa makelele ya furaha wakaishia katika kimya na vilio, maana walikuwa hawajapata kuiona filamu ambayo steringi wake hufa. Peter Jackson wa Nyuzilandi, alipokuwa angali kijana asiyejulikana, alipiga picha za Bad Taste pamoja na rafiki zake mwishoni mwa juma, mwaka baada ya mwaka, na barakoa za viumbe wake akazioka katika oveni ya jikoni kwa mama yake. Filamu ikatoka mwaka 1987, na watazamaji wakacheka mahali palepale walipopaswa kutapika. Hao ni mabingwa, nami nawapa taadhima yao. Hata hivyo kwao umaskini wa mtengenezaji ulikuwa jambo la kufichwa au la kujivunia tu; haukupata kuwa ndio hadithi yenyewe.

Filamu iliyonifundisha habari ya hadhira kuliko nyingine zote ni ya Kijapani. Nchini mwake huitwa Kamera o Tomeru na!, na duniani imejulikana kwa jina la One Cut of the Dead. Mwongozaji wake, Shinichiro Ueda, aliitengeneza mwaka 2017 katika warsha ya ENBU Seminar, shule ya uigizaji na uongozaji ya Tokyo, kwa yeni 3,000,000, ambazo ni kama dola 25,000. Waigizaji wake walikuwa watu wasio na majina, na mahali pao pa kazi palikuwa mtambo mkuukuu wa kusafishia maji katika jimbo la Ibaraki, uliokwisha kuachwa. Huanza kwa picha moja isiyokatwa, yenye urefu wa dakika 37, inayowaonyesha watengenezaji wa filamu ya mazombi wakivamiwa na mazombi wa kweli, huku mwongozaji wao, aliyepandwa na wazimu wa sanaa, akikataa katakata kamera isimame.

Niliiona London, Januari ya mwaka 2019, katika ukumbi mdogo ambao haukujaa. Dakika zile 37 zilikuwa mtihani kwa hadhirina. Wachezaji wanasimama bila la kufanya na kuulizana wanapenda kufanya nini wakati wa mapumziko, nje kukiwa na balaa; mtu wa sauti anainuka ghafla na kutoka nje bila sababu ya maana; tone la damu linaruka juu ya kioo cha kamera, na mkono usiojulikana ni wa nani unalifuta; kisha kamera yenyewe inaanguka, inalala chini ikitazama majani, na inalala muda mrefu kupita adabu. Nilizisikia pumzi za uchovu upande wa kushoto wangu. Nikakisikia kicheko cha kwanza, kile cha dharau, kikipita safu kwa safu, kicheko ambacho Waingereza hukitoa puani, na ambacho nilikitambua mara moja ijapokuwa kile cha Tanga hutoka kifuani. Watu wawili walitoka, wakiomba radhi kwa kila goti walilolipita. Mimi sikutoka, kwa kuwa malezi ya kibanda umiza hayamruhusu mtu kuondoka ilhali kiingilio chake kimekwisha kuliwa. Na orodha ya majina ilipopita juu ya pazia, ikiwa ni dalili ya mwisho, bwana mmoja mbele yangu alikwisha kuvaa mkono mmoja wa koti lake.

Kisha filamu ikarudi nyuma mwezi mmoja, ikaanza upya.

Sasa tunamwona Higurashi, mwongozaji wa vipindi vidogo vidogo anayejinadi kwa wateja kwamba kazi yake ni ya haraka, ni ya bei nafuu, na ubora wake ni wa wastani. Mtu mnyenyekevu aliyezoea kusema ndiyo, mwenye mke aliyeacha uigizaji kwa sababu kila akiigiza hupandwa na mori, na binti anayemwonea baba yake haya kwa jinsi anavyoridhika na machozi ya dawa mahali pa machozi ya kweli. Anapewa kazi ambayo wengine wameiona muhali: tamthilia ya mazombi ya nusu saa, irushwe hewani moja kwa moja, bila kukatwa hata mara moja. Siku inapofika, mchezaji mmoja amelewa, mwingine tumbo limemchafuka, wawili wamepata ajali njiani, na mwongozaji na mkewe wanalazimika kuingia wenyewe mbele ya kamera. Katika sehemu ya tatu tunazitazama tena dakika zile 37, safari hii tukiwa nyuma ya kamera, na kila ila tuliyoicheka inatupa sababu yake. Mazungumzo yale ya kipumbavu ya mapumziko yalikuwa yakivuta muda, huku nyuma watu wakimkokota mlevi. Mtu wa sauti alitoka kwa sababu tumbo halikungoja. Kamera ililala majanini kwa kuwa mgongo wa mpiga picha ulimwangusha, hata msaidizi wake akaikimbilia.

Jambo lililotokea katika ukumbi ule sijalisahau. Watu walianza kucheka kabla ya kichekesho chenyewe kufika, kwa kuwa waliikumbuka ila, wakaiona sababu yake ikija kwa mbio kutoka upande wa pili, wakajua zitakutana wapi. Bwana wa koti alilivua, akaliweka magotini. Mwanamke mmoja alikishika kichwa kwa mikono miwili, akawa anasema, si kwa mwenzake bali kwa watu wa kwenye picha, wafanye upesi, wafanye upesi. Yaani alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kibanda umiza bila kujua. Kicheko cha puani kilikoma, kikaja kile cha pili, na watu waliokuwa wakimcheka mtengenezaji nusu saa kabla walikuwa sasa wakimwombea afike mwisho salama. Sijui kazi nyingine ya sanaa iliyomgeuza mtu kwa namna hii ndani ya dakika 96 tu, tena bila kumhubiria. Picha ya mwisho, ile inayopatikana kwa viungo na mabega ya watu, sitaisimulia. Nimejiunga kwa hiari yangu na ahadi waliyoahidiana watazamaji wa Japani.

Maana huko Japani hadhira ndiyo iliyoibeba filamu hii. Ilionyeshwa kwanza Novemba 2017, kwa siku sita tu, katika K's Cinema ya mtaa wa Shinjuku, ukumbi wenye viti 84. Aprili iliyofuata ikapelekwa Udine, Italia, katika tamasha la filamu za Mashariki ya Mbali, ambako watazamaji waliinuka na kuipigia makofi, na katika kura yao ikawa ya pili. Tarehe 23 Juni 2018 ikafunguliwa katika kumbi mbili za Tokyo, na kutoka mbili hizo ikaenea katika kumbi zaidi ya 300, ikatazamwa na watu zaidi ya 2,000,000, ikaingiza zaidi ya yeni 3,000,000,000, kiasi kinachozidi gharama yake mara elfu. Walikuwapo walioirudia tena na tena, wakajiita walioambukizwa. Na waigizaji, ambao bado walikuwa watu wasio na majina, waliingia katika kumbi baada ya maonyesho kuwaamkia na kuwashukuru waliokuja. Watazamaji waliusiana mambo mawili: usimwambie mwenzako kinachotokea, na mwambie asitoke kabla ya nusu saa. Wasia huu wa pili ndio unaonishangaza kuliko hesabu zote za yeni, kwa sababu ni wasia wa subira, na wakati wetu huu subira ndiyo bidhaa asiyoweza kuiuza mfanyabiashara yeyote.

Hapa nalazimika kuweka mpaka, maana nimewasikia vijana wa Dar es Salaam wanaotengeneza filamu wakiutumia mfano wa Ueda kuwa kinga ya kazi mbovu. Ila za dakika zile 37 hazikuwa ila. Kila kimya kilipimwa, kila mkono uliofuta kioo ulikuwa na mahali pake katika andiko, na picha ile ndefu ilirudiwa tangu mwanzo mara kadhaa hata ikakubali. Haikuwa bahati kwamba mwaka 2019 tuzo ya uhariri ya Akademia ya Filamu ya Japani ilimwendea Ueda mwenyewe, katika orodha iliyojaa filamu za makampuni makubwa. Zilizokuwa chache hapa ni fedha. Maarifa yalikuwa tele. Kwa hiyo sisemi kwamba mtazamaji wa Kiswahili aisamehe kila kazi iliyotengenezwa kwa haraka katika nyumba ya kuazima, umeme ukikatika na mwenye nyumba akidai kodi yake. Nasema kwamba anapoinua mdomo kucheka ajiulize kwanza ni kipi kilichomlazimisha mtu yule kusimama vile, kwa kuwa bila swali hilo haiwezekani kupambanua uvivu na dhiki. Na tukishindwa kupambanua hayo mawili, tutawatupa wenye dhiki pamoja na wavivu, kama nilivyoona tukiwatupa.

Mwaka 2022 Wafaransa waliitengeneza upya filamu ya Ueda, nayo ikafungua tamasha la Cannes. Coupez! iliongozwa na Michel Hazanavicius, aliyekwisha kupata tuzo kubwa za Marekani kwa The Artist, na ndani yake wako Romain Duris na Bérénice Bejo, nyota wanaojulikana. Ni kazi ya heshima, na mistari yake ni ile ile. Lakini niliitazama nikiwa mtulivu mno. Uso unaojulikana hauwezi kutushawishi kwamba huenda ukashindwa. Mtazamaji anajua kuwa nyuma ya kamera iliyoanguka ipo nyingine, na nyuma ya hiyo ipo bima. Kwa Takayuki Hamatsu, aliyemwigiza Higurashi wa Japani, jasho la mhusika na jasho la mwigizaji lilikuwa moja, na hadhira iliyalipa yote mawili kwa kicheko kimoja.

Niliporejea Tanga nilikuja na ile ya Ueda, nikaomba ruhusa ya shangazi yangu kuionyesha sebuleni kwake baada ya sala ya isha, na habari ikapita uchochoroni hata sebule ikajaa na watoto wakakaa chini. Maneno yalikuwa ya Kijapani na maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, basi mpwa wangu akasimama kando ya runinga akawa anatafsiri, kwa ile lafudhi ya kujitutumua iliyoenezwa nchini kote na Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake juu ya mikanda ya kigeni ndiyo iliyowafanya Watanzania wengi waamini kwamba kila jambazi wa Hong Kong anakijua Kiswahili cha mjini. Niliwaeleza watoto kwamba Wajapani nao walikuwa na watu wa kazi hiyo hiyo. Waliitwa benshi, wakasimama kando ya pazia zama za filamu zisizo na sauti, na watu wakalipa kiingilio kwa ajili ya benshi zaidi ya filamu. Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao, na filamu zenye sauti zilipokuja kazi ile ikamtoka, naye akajiua mwaka 1933. Shangazi akasema, "Maskini, sauti yake mwenyewe imeuliwa na sauti." Kisha akaamrisha filamu ianze.

Hakuna aliyetoka. Hakuna hata aliyechoka, kwa kuwa sebule ile haikuuacha utupu wowote usijazwe: wachezaji waliposimama bila la kusema, mpwa wangu aliwatilia maneno vinywani, akabuni ugomvi wa mapenzi kati ya mtu wa sauti na binti aliyebaki ndani, na watoto wakaunga mkono. Na katikati ya vurugu ile shangazi, ambaye hajapata kusoma kitabu cha uhakiki maishani mwake, aliniinamia akaniuliza, "Hebu niambie, mwanangu, huyo anayewapiga picha ni nani, mbona mazombi hayamgusi?" London sikumsikia mtu akiuliza swali hilo, na wahakiki wengi niliowasoma walilifikia baada ya kuiona filamu nzima. Nilimwomba angoje.

Sehemu ya tatu ilipofika, na sababu ya kweli ya kila kimya ikadhihirika, watoto walimgeukia mfasiri wao kwa shangwe, maana ule ugomvi wa mapenzi aliowauzia umeonekana kuwa tumbo la kuhara. Naye, kwa insafu, akacheka kuliko wote na kuanzia hapo akatafsiri yaliyoandikwa. Shangazi alicheka hata akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Yeye ameshughulika na shughuli za harusi kwa miaka mingi, na picha zilipokuwa zingali zinakimbia alianza kutusimulia usiku mmoja ambao umeme ulikatika bibi harusi akiwa ndio kwanza anatolewa, na wanawake wa kundi lake wakanyakua masinia na kuimba kwa sauti ya juu, mmoja akizunguka nyuma kutafuta mafuta ya jenereta, na waalikwa wakasifu kesho yake kwamba haijapata kuonekana mbwembwe ya kumtoa biharusi gizani namna ile. Hakumaliza, jirani wetu mvuvi akaingia na yake. Fundi cherehani akaingia na yake, ya gauni lililoshonwa likiwa limekwisha kuvaliwa. Filamu ikaisha, majina yakapita, na hakuna aliyeinuka, kwa kuwa kila mtu alikuwa na saa yake moja aliyoificha nyuma ya pazia la kazi yake, na alikuwa hajapata kuulizwa.

Usiku uliofuata wakaja wengine, wakiletwa na wale wa kwanza, ambao sasa walikaa nyuma, wakiziacha nyuso za wageni mbele yao ili wazitazame zaidi ya runinga. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwenye haraka zake, alivumilia mpaka kamera ilipolala majanini, akakohoa, akaitafuta fimbo yake. Shangazi alikuwa amekwisha kuketi mlangoni. "Mwalimu, shikamoo yako nimekupa na heshima yako naijua," alimwambia, "lakini hapa hatoki mtu mpaka nusu saa ipite. Keti."